Maziwa Niliyowanyonyesha Wanangu Wawili

Nawasalimu nyote mliokuja, wa kanisani na wa msikitini, na ninyi ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Sudan Kusini mkakaa nasi. Nitasema Kiswahili, kwa sababu nikisema Kilugbara nusu ya ukumbi itabaki nje. Kiswahili changu ni cha sokoni, mtanivumilia. Yule mama pale nyuma amekubali kuwageuzia maneno kwa Kiarabu wale wasiosikia Kiswahili vizuri.

Sista wa hospitali ametueleza sasa hivi jinsi virusi vya UKIMWI vinavyotoka kwa mtu mmoja kuingia kwa mwingine. Ametaja damu. Ametaja maji ya mwanamume na maji ya mwanamke, na nimeona wazee wawili wakitazama sakafu. Mwishoni akataja maziwa ya mama, akapita haraka kwa sababu muda ulikuwa mfupi. Mimi nimeombwa nisimame hapo alipopita haraka.

Sitataja jina la mtu. Waliomo katika habari hii wengine wako hai na wengine tumewazika, na wote ni watu wangu.

Nilizaliwa upande wa Kuluva, nikaolewa Koboko, kwa Wakakwa. Baba wa watoto wangu alikuwa mfanyabiashara wa kuvusha vitu. Alipakia sabuni, chumvi na magodoro kwenye lori, akavuka mpaka kwenda Yei, Sudan Kusini, na mara nyingine akafika Juba. Akienda alikaa wiki nyingi. Alikuwa mtu wa kucheka sana. Akirudi, watoto wa majirani walimjua kwa mluzi wake kabla hajafika mlangoni. Mimi niliuza samaki wakavu sokoni. Tuliishi boma moja na mama yake, mama mkwe wangu, mwanamke mkali lakini mwenye haki, ambaye alinifundisha kupika mboga za Kikakwa na hakuwahi kunificha chakula.

Nilipopata mimba ya kwanza nilikwenda kliniki kama wenzangu. Wakanitoboa kidole, nikangoja kwenye benchi, wakaniambia sina virusi. Nilirudi nyumbani moyo ukicheza. Sista wa pale kliniki aliniambia na neno jingine: "Ukija tena, njoo na baba. Na ukiwa unanyonyesha, tutakupima tena." Nilisikia. Lakini baba alikuwa Yei, na mimi nilifikiri kipimo ni kama ubatizo, ukishapokea umepokea. Wangapi hapa wanafikiri hivyo hivyo? Msinyoshe mikono. Najua mko wengi.

Mtoto alikuwa msichana. Alizaliwa mzima, mzito, na nywele zimejaa mpaka kwenye masikio. Alinyonya kama mtu anayechelewa shambani. Nilikuwa nakwenda naye sokoni, namlaza juu ya magunia nyuma ya meza yangu, na wateja wakinunua samaki walikuwa wanamshika mashavu. Wanawake wa soko walinitania, wakasema mimi sinyonyeshi mtoto, nanenepesha mbuzi wa Krismasi.

Alipoanza kujifunza kukaa, baba yake alirudi akakaa nasi kwa muda mrefu kuliko kawaida, maana njia ya kule ilikuwa imeharibika. Tukaishi kama mume na mke. Nasema hivyo wazi kwa sababu tumekuja kusema wazi. Baada ya wiki chache nikapata homa. Koo liliniuma, mwili ukatoka vipele, nikalala kama gogo. Nikanunua dawa za malaria dukani. Homa ikaisha yenyewe, nikarudi sokoni. Siku zile zote za homa mwanangu alikuwa ananyonya, kwa sababu mama akiugua bado ni mama, na mtoto hawezi kungoja.

Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba homa ile haikuwa malaria. Ilikuwa ni virusi vinaingia mwilini mwangu vikiwa vipya. Na vikiwa vipya ndipo vinapozaana sana, vinajaa katika damu, vinajaa katika maziwa. Nami sikuwa na dawa yoyote ya kuvizuia, kwa sababu nilikuwa na jibu la zamani la kliniki, na jibu lile lilisema mimi ni mzima.

Mtoto akaanza kupungua. Kwanza tumbo, kuharisha kusikoisha. Kisha mdomo ukajaa utando mweupe, akawa ananyonya kidogo anaachia, analia, anarudi. Mashavu yale yaliyoshikwa na soko zima yakaanguka. Kila jirani alikuwa na jibu lake. Mmoja akasema ni meno. Mwingine akasema ni jicho la mtu. Mama mkwe alinitazama nikinyonyesha, akasema kwa Kiswahili chake cha Koboko:

"Maziwa yako iko mubaya. Mutoto anakunywa, na anakwisha."

"Mama, maziwa ni maziwa. Yana ubaya gani?"

"Mimi najua nini? Naona tu. Wacha hiyo, umupe uji."

Nilikasirika sana. Nilimwona kama mtu anayenitukana kifua changu. Na mtoto kadiri alivyokonda ndivyo mimi nilivyozidi kumnyonyesha. Akilia, nampa. Akilala, namwamsha nimpe. Ndugu zangu, niseme nini? Nilikuwa napigana na ugonjwa wa mwanangu kwa silaha moja tu niliyokuwa nayo, na ugonjwa ulikuwa unapita humo humo.

Alipoanza kupumua kwa shida, baba yake akiwa ameshavuka mpaka tena, tulimleta hapa Arua. Nilikuja naye kwenye gari la abiria nimemfunika khanga, na njia nzima nilikuwa naweka kiganja mbele ya pua yake kusikia kama pumzi ipo. Hospitalini wakampa hewa ya mashine. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, akaomba atupime wote wawili. Nikamwambia mimi nilishapimwa wakati wa mimba. Akasema, "Tupime tena, mama." Akapima. Kisha akavuta kiti akakaa karibu yangu, na nilipoona daktari mwenye wagonjwa wengi vile anakaa, nikajua.

Nikamwambia, "Lakini kile kipimo cha kwanza?"

"Kile kilisema kweli," akajibu. "Siku ile hukuwa navyo. Viliingia baadaye, ukiwa unanyonyesha."

"Kwa hiyo ni mimi niliyempa?"

Akasema, "Virusi vimepita kwenye maziwa. Wewe ulikuwa unampa chakula."

Maneno yale nimeyashika mpaka leo. Wakati ule hayakunisaidia. Niliyasikia kama mtu aliye ndani ya maji anavyosikia watu walio ukingoni.

Walijitahidi. Walimwanzishia dawa, nami wakanianzishia zangu. Lakini mapafu yake yalikuwa yamechoka. Alikufa asubuhi, jua limeshatoka, wahudumu wanapiga deki sakafu ya wodi. Nilikuwa nimeshika mguu wake, maana usoni kulikuwa na ile mirija ya hewa, na mguu ndio niliweza kuushika wote ndani ya mkono. Mhudumu mmoja aliona, akaweka fagio chini, akaja akasimama nami.

Tukamrudisha Koboko, tukamzika nyuma ya nyumba.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Maziwa hayajui kwamba mtoto amekufa. Watu wamekaa msibani, wanaimba, na mimi kifua kimejaa, kinauma, nguo imelowa mbele. Ilinibidi niondoke, niende nyuma ya bafu la nyasi, niyakamue chini na kuyafukia kwa mguu. Nikarudi nikakaa. Yakajaa tena. Yaliendelea hivyo mpaka wageni wa msiba wakaanza kuondoka. Yale yale ambayo wiki chache nyuma nilikuwa naomba Mungu ayazidishe.

Baba yake alifika baada ya mazishi, kwa sababu habari ilimkuta mbali. Alilia kama mtoto. Nilingoja mpaka machozi yakauke, nikamweleza yote, nikamwambia twende tukapimwe, dawa zipo. Aliokota kijiti akakivunja kipande kipande. Halafu akasema:

"Mimi siko na ugonjwa. Wewe ulikuwa peke yako hapa Koboko. Mimi najua nini ulifanya?"

Nikamwambia, "Baba, wewe unanijua."

Hakunitazama. Baada ya siku chache akapakia mzigo akavuka mpaka. Sikumwona tena. Yeye hakujua, na mimi sikujua, kwamba siku ile mwanetu alipozikwa nilikuwa na mwingine tumboni.

Habari ikaenea bomani. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitukana. Lakini nikapewa kikombe changu, sahani yangu, na beseni yangu ya kunawia. Shemeji yangu, ambaye mtoto wake alizoea kulala mapajani pangu, alikuwa anakuja kumchukua taratibu, anasema mtoto ana usingizi, na mtoto macho yako wazi. Khanga niliyojifutia jasho iliokotwa kwa kijiti. Nawaambia, ndugu zangu, watu wale walikuwa na hofu ya kweli, na hofu ile ilikuwa imesimama mahali pasipo na kitu. Waliogopa jasho. Waliogopa kikombe, mate, kiti nilichokalia. Virusi havipiti huko. Na mlango ule vilipopita hasa, vikamchukua mjukuu wao mbele ya macho ya kila mtu, hakuna aliyekuwa anaujua. Hata mimi.

Mama mkwe ndiye aliyeniambia nirudi kwetu. Alisema, "Wende kwa mama yako upumzike." Sote wawili tulijua maana yake. Alinifungia unga wa muhogo, akanisindikiza mpaka barabarani, akageuka kabla gari halijaondoka.

Mama yangu mzazi alinipokea pale Kuluva bila swali. Tulikula enya, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, kutoka sahani moja. Nilipomwambia nina ugonjwa gani, akaniuliza dawa inamezwa saa ngapi. Basi. Tangu siku ile, jioni ikifika, alikuwa anaweka kikombe cha maji karibu nami na kusimama mpaka nimeze.

Katika kliniki ya wajawazito nilikutana na mama mmoja. Si sista, si daktari. Ni mama mwenye virusi kama mimi, anameza dawa kama mimi, na kazi yake ni kukaa na wale wanaoanza. Yuko humu ukumbini leo, na kwa kuwa tumekubaliana hakuna majina, nitamwita dada. Nilimwambia dada siku ya kwanza kabisa: "Huyu nikimzaa, sitamnyonyesha. Kifua changu kimeua." Hakubishana nami. Alisema tu, "Tuendelee na dawa. Tutazungumza."

Nikaendelea na dawa. Nilitapika, nikaota ndoto mbaya, nikazoea. Kabla ya kujifungua wakanitoa damu kupima wingi wa virusi. Jibu likaja kwamba vimepungua sana, hata mashine haivioni. Sista alifurahi. Mimi sikuamini mashine.

Mtoto akazaliwa, mvulana. Mkunga akampangusa, akamleta kifuani. Nikageuka ukutani. Mtoto akaanza kutafuta, mnajua wanavyotafuta, mdomo wazi, kichwa kinatikisika. Nikamfunika uso kwa mkono nisimwone. Akalia. Mama yangu akachukua maji ya sukari na kijiko, sista akamzuia, akasema watoto wengi wanakufa kwa kuhara kwa sababu ya kijiko na maji. Nikasema basi tununue maziwa ya kopo. Sista akauliza kwa upole, "Utayanunua mpaka lini? Na maji safi kule nyumbani utachota wapi kila saa?" Mtoto alilia mpaka sauti ikaanza kukatika.

Mama yangu akatoka kwenda kumwita dada. Dada akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamchukua mtoto.

"Yule wa kwanza," akaniuliza, "ulikuwa unameza dawa?"

"Hapana. Sikujua."

"Na damu yako ilikuwa imejaa virusi?"

"Daktari alisema hivyo."

"Na sasa?"

Nikamtazama mtoto mikononi mwake.

"Sikudanganyi," akasema. "Hakuna mtu atakayekuambia hatari imekwisha kabisa. Imebaki ndogo sana, na mtoto naye atapewa dawa yake ya maji kila siku. Mimi wangu alinyonya, mimi nikiwa nameza. Yuko shule. Lakini hiyo ni ya wangu. Huyu ni wako. Anakungoja wewe."

Nikasema, "Dada, naona uso wa yule mwingine."

"Najua. Mwone. Na huyu mwone pia."

Akaniwekea mtoto mikononi. Mama yangu akaja kunishika kiwiko kwa nyuma. Nikampa titi. Alilishika kwa nguvu hata nikashtuka, na kimya kikaingia chumbani. Nililia machozi yakamdondokea kichwani, nikaanza kuyafuta haraka haraka, na sista akasema, "Acha, mama. Machozi hayana virusi."

Hapo ndipo niliposimama tena. Si kwa sababu hofu iliondoka. Nilinyonyesha na hofu. Kila alipokohoa nilimvua nguo nimhesabie mbavu. Kila alipoharisha nilikuwa kliniki kabla hawajafungua. Walimtoboa kisigino akiwa mchanga, wakachukua damu, jibu likaja zuri, na mimi nikalipokea kama mtu anayekopeshwa. Maana nilijua sasa kwamba jibu la leo ni la leo. Nikaendelea na dawa zangu, yeye na zake, wakampima tena na tena. Nilipomwachisha ziwa tukangoja, wakampima kipimo cha mwisho.

Sista alisoma jibu akacheka. Mtoto hana. Mama yangu akapiga kigelegele hapo hapo kliniki. Na mimi, ndugu zangu, nilikaa chini nikalia kilio cha msiba. Watu walifikiri jibu ni baya. Nilikuwa namlilia yule msichana wangu. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba naye angeweza kuishi. Kifua ni kile kile. Kilichokosekana ni kujua tu, na vidonge.

Siku moja mama mkwe akaja Kuluva, amepanda boda boda kutoka Arua mjini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amezeeka. Akatuambia mwanawe amefariki huko ng'ambo. Aliugua muda mrefu kwenye chumba cha kupanga, na rafiki zake walipomtaka aende hospitali alikataa, kwa sababu mtu wa Koboko angemwona kwenye foleni. Tukalia wote. Nami nililia kweli. Alikuwa mume wangu, na alijua kupiga mluzi.

Kisha akamtazama mvulana anayecheza na vifuniko vya chupa.

"Huyu alinyonya?"

"Alinyonya, mama."

"Na iko muzima?"

"Mzima."

Akauliza polepole, "Na yule wetu wa kwanza. Ilikuwa maziwa?"

Ningeweza kumficha. Nikasema, "Ndiyo, mama. Ilikuwa maziwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua."

"Mimi nilisema maziwa iko mubaya," akasema. "Nilisema kwa hasira tu. Mimi pia sikujua kitu." Akafunika uso kwa kitambaa chake. Nikamsogelea, na hakunikimbia. Tulikaa hivyo mpaka mtoto akaja kuvuta kitambaa atuone.

Basi, namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu, ambaye leo amebaki nyumbani na miguu yake. Namshukuru daktari yule aliyevuta kiti, na mhudumu aliyeweka fagio chini. Dada, wewe nakushukuru mbele ya watu hawa wote. Mama mkwe amefika, amekaa karibu na dirisha na mjukuu wake. Asante, mama, kwa kuja.

Na neno langu kwenu ni dogo. Ulipimwa ukiwa na mimba, vizuri. Ukinyonyesha, pimwa tena, na tena, maana virusi haviulizi ulipimwa lini. Baba, wewe uliyekuja kumsindikiza mkeo, ingia naye, usibaki nje na pikipiki. Mwenye virusi kunyweni naye maji kikombe kimoja, mlazeni mtoto mapajani pake, mpeni mkono, hamtaambukizwa. Lakini damu, na mambo ya kitandani, na titi la mama asiyejua hali yake, hapo ndipo pa kuwa macho, na dawa zake zipo.

Chumba cha vipimo ni kile cha mkono wa kushoto, ukitoka kwa mlango huu. Watakuwepo mpaka jioni. Kama kuna mama mwenye mtoto mgongoni anayeogopa kwenda peke yake, asiseme kitu, aje tu anishike mkono. Nitakwenda naye, na nitakaa naye kwenye benchi mpaka waite jina lake.